Chama cha kufa na kuzikana: madereva na mafayamani wa treni za mvuke Marekani

Shikamooni wakubwa, na vijana mambo vipi. Leo tunaongelea watu wawili tu, dereva na fayamani, wale waliokuwa wanasimama kwenye kichwa cha treni ya mvuke kule Marekani, na vyama walivyovianzisha. Tuanze na kazi yenyewe maana chama kilitokea humo humo.

Fayamani anarusha makaa ya mawe kwa koleo, tani kwa tani, usoni anachomwa na tanuru huku mgongoni upepo wa usiku unampiga, na wakati huo huo hatakiwi kusahau kioo cha maji ya boila, maana maji yakishuka sana boila inalipuka na hapo hakuna anayepona. Dereva yeye kichwa kiko nje dirishani anatafuta taa za ishara kwenye ukungu. Na masaa sasa! Sheria ya nchi nzima ya kuweka kikomo ilikuja 1907, na kikomo chenyewe kilikuwa masaa 16. Yaani 16 ndo ilikuwa nafuu.

Sasa watu wa namna hii kampuni za bima zilikuwa zinawakwepa kabisa, wanakufa sana, nani ataweka hela yake hapo? Kwa hiyo walifanya kile ambacho sisi huku tunakijua vizuri, chama cha kufa na kuzikana. Madereva walianza Michigan mwaka 1863. Mafayamani wakafuata 1873, mji wa Port Jervis, New York, watu 11 wa reli ya Erie na Joshua Leach akiwa kiongozi wao, walikuwa wametoka kumchangia mjane wa mwenzao aliyekufa kazini wakaona hii habari ya kupitisha kofia kila msiba haitoshi. Mimi hapo nawaheshimu sana, nasema kwa moyo wote.

Ila tatizo likaja mapema. Dereva alijiona fundi mkubwa, hataki kuchanganywa na mtu wa breki wala kibarua wa njia. Mwaka 1888 madereva na mafayamani wakagoma kwenye reli ya Burlington, na waliokuja kushika vichwa vya treni badala yao wengine walikuwa wanachama wa Knights of Labor, chama kingine cha wafanyakazi ambacho kilikuwa na kinyongo nao cha zamani. Wakashindwa vibaya. Eugene Debs, aliyekuwa katibu wa mafayamani na mhariri wa gazeti lao, akaona hapana, 1893 akaanzisha American Railway Union ya wafanyakazi wote wa reli pamoja. Wote? Kwenye mkutano wao mkuu wa Juni 1894 Debs aliwaomba wawapokee na weusi, wakapiga kura, 112 wakakataa na 100 wakakubali. Kura 12 jamani. Na mwezi huo huo wakaingia kwenye mgomo wa Pullman, ile kampuni ya mabehewa ya kulala, serikali ikaleta jeshi, Debs akaishia jela miezi sita.

Vile vyama vya zamani ndo usiseme, katiba zilitaka mwanachama awe mzungu. Wakati huo majimbo ya kusini mafayamani wengi walikuwa weusi, kazi chafu ya koleo ni yao lakini kupanda kuwa dereva marufuku.

Hapa naomba tusimame kidogo. Aprili 30, 1900, karibu na Vaughan, Mississippi, dereva Casey Jones wa reli ya Illinois Central yuko kasi anafidia muda, mbele akakuta mabehewa ya mizigo yamebaki njiani. Akamwambia fayamani wake, Sim Webb, mweusi, ruka! Webb akaruka, Jones akabaki na breki mpaka mwisho na abiria wakapona. Jones alikuwa na bima ya vyama vyote viwili, cha madereva na cha mafayamani, mjane wake akapata dola 3,000. Hapo chama kilifanya kazi yake. Webb kampuni ilimlipa dola 5 kwa kuumia mwili, na chama hakuwa nacho, wakati moto uliokuwa unaisukuma ile treni aliuchochea yeye.

Watu wanasema weusi walishusha mishahara. Sikubali, aliyemfungia mwenzake nje ya chama asije kumlaumu kwamba analipwa kidogo. Mwaka 1909 mafayamani wazungu wa Georgia waligoma ili weusi watolewe, wasuluhishi wakaamua wabaki na walipwe sawa. Baadaye zikaja mashine za kulisha makaa zenyewe, kazi ikawa nyepesi, na ndo ikatamaniwa zaidi. Februari 1941 chama cha mafayamani na makampuni ya reli ya kusini wakakubaliana kuwapunguza weusi. Bester Steele, fayamani wa Alabama, akaondolewa kwenye zamu yake nzuri, akaenda mahakamani na wakili Charles Hamilton Houston, na Desemba 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema chama kinachojadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote kinatakiwa kiwatendee haki wote, hata wale wasio wanachama.

Lakini mahakama haikukilazimisha chama kuwapa weusi kadi ya uanachama. Houston aliendelea na kesi za mafayamani weusi hadi alipofariki 1950, na kile kifungu cha rangi kilikuja kufutwa miaka ya 1960, treni za mvuke zenyewe zikiwa zimeshaisha njiani.