Kamera Haiingii Kichwani

Nashukuru kwa kunikaribisha. Mliowahi kunisikia mnajua ninakoelekea, na mwenzetu wa kule nyuma ameshaanza kutabasamu. Tabasamu tu, ndugu yangu. Leo narudia tena mpaka mnichoke: swali la "je, filamu imefanana na kitabu?" ni swali la mvivu. Kila inapoonyeshwa filamu ya runinga iliyotokana na riwaya ya familia, watu hukaa na kitabu mapajani kama makarani wa ghala. Hiki kipo, hiki hakipo, hiki kimebadilishwa. Huko ni kuhesabu magunia, si kuhakiki.

Nichukue mfano wangu wa siku zote. The Memory Keeper's Daughter, yaani Binti wa Mtunza Kumbukumbu, riwaya ya Kim Edwards, ilitoka 2005. Mwaka 2008 chaneli ya Lifetime ya Marekani ikaonyesha filamu yake: Dermot Mulroney daktari, Gretchen Mol mkewe, Emily Watson muuguzi. Kisa wengi mnakijua, sitakihadithia chote. Nataka usiku mmoja tu.

Ni jimbo la Kentucky, Marekani, 1964, theluji imefunga barabara. David Henry ni daktari wa mifupa, lakini anajikuta anamzalisha mkewe mwenyewe kwa kuwa daktari aliyetarajiwa amekwama njiani. Anazaliwa mvulana, mzima. Halafu, ambalo hakuna aliyelitarajia, anafuata msichana. Baba anamtazama macho na viganja, anaona dalili za sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri akili na umbo la uso. Anamkabidhi muuguzi Caroline ampeleke kwenye kituo cha watu wenye ulemavu wa akili; Caroline hamwachi huko, anaondoka naye na kumlea kama wake. Norah, mke wa daktari, anapozinduka anaambiwa kwamba binti amefariki.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo kila mtu anapopita mbio.

Ukiwa unasoma, wakati daktari anakitazama kile kichanga, wewe umeshakaribishwa kichwani mwake. Unajua alikuwa na dada, June, mwenye moyo mbovu, aliyekufa akiwa na miaka kumi na miwili. Unajua msiba ule ulimfanya nini mama yao. Unajua anaamini, kwa upofu na kwa kile kiburi cha mtu aliyezoea kuamulia wengine, kwamba anamwepusha mkewe na msiba wa namna ile. Unalichukia analolitenda na papo hapo unamwelewa. Mambo mawili yanakukaa kifuani kwa wakati mmoja, na hakuna linalomfukuza mwenzake.

Haya, iwekeni kamera mbele ya tendo hilo hilo. Inaona nini? Mwanamume anampa mwanamke mtoto. Basi. Mwigizaji awe hodari kiasi gani, paji la uso halina maandishi. Hakuna namna ya kukunja uso inayosema "nilikuwa na dada mwenye moyo mbovu." Mimi mwenyewe nimejaribu mbele ya kioo. Mke wangu akaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Najua mnachotaka kusema. Si waweke sauti ya msimulizi? Wekeni. Mtakuwa na mtu anayewanong'oneza mnachokitazama, na siri ikishatangazwa hivyo imebaki siri gani? Si waturudishe nyuma, watuonyeshe June? Warudi, lakini kwa dakika zipi? Nafasi ya saa mbili kwenye runinga ya biashara, ukiondoa matangazo, hubaki kama dakika tisini. Riwaya inaanza 1964 na kufikia 1989. Miaka 25 kwa dakika 90! Kila mwaka wa ndoa ya watu umepewa dakika tatu na ushei, na humo humo lazima patafutwe mshtuko kabla ya kila tangazo ili mtazamaji asihame chaneli.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Siri ya familia haitembei kwa mishtuko. Ni kama unyevu ukutani. Rangi inabanduka huku, mlango unagoma kufunga kule, na watu wa nyumba wanagombana kuhusu mlango. Norah anaanza kunywa. David anajifungia na picha zake. Ndoa inapoa bila hata mmoja wao kuweza kutaja siku ilipopoa. Paul, yule pacha aliyebaki, anakimbilia gitaa lake na baba haelewi kwa nini. Niambieni, lipi kati ya hayo linalipuka vizuri kabla ya tangazo la sabuni?

Kuna atakayesema watengeneze tamthilia ndefu, mbona Roots, ile tamthilia ya runinga ya Marekani kuhusu vizazi vya familia iliyotokana na mtumwa, ilionyeshwa usiku nane mfululizo mwaka 1977? Kweli. Ila mimi nazungumzia filamu ya usiku mmoja. Nialikeni siku nyingine kwa hilo, nitakuja.

Basi mnadhani nimekuja kuilaumu filamu. Hapana, na ndiyo maana nawakasirikia makarani wa ghala. Fungueni tena riwaya. Tunasimuliwa kupitia David, Norah, Caroline na Paul. Kila mmoja ana chumba chake kichwani, na tunaingia tutakavyo. Na Phoebe je, yule binti ambaye kitabu kinaitwa kwa ajili yake? Kwake hatuingii hata mara moja. Watu wanamlilia, wanampigania, wanamwogopea, lakini yeye anafikiri nini hatuambiwi. Mwandishi aliyeandika kitabu kizima kumtetea mtoto aliyefungiwa mlango naye kaacha mlango mmoja umefungwa! Sisemi hivyo kumdharau; pengine aliona asijifanye anajua. Lakini matokeo yake ni hayo.

Kwenye filamu, Phoebe aliyekua anaigizwa na mwigizaji mwenye sindromu ya Down. Ana uso wake, sauti yake, mwendo wake. Hahitaji kufikiriwa na mtu mwingine ndipo awepo. Na kwa kuwa kamera haiingii kichwani mwa yeyote, haimbagui. Daktari aliyekuwa na kurasa kwa kurasa za kujieleza kabakiwa na uso tu, sawasawa na binti aliyemkana. Karani hesabu yake ni ya kilichopungua ghalani. Hiki kilichoingia hakukiona, maana hakimo kwenye orodha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mawili zaidi. Moja ni Caroline na mapambano yake Pittsburgh ili Phoebe aruhusiwe shule, na sheria ya Marekani ya 1975 iliyowapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma shule za umma; hilo nalipita. La pili ni kamera ambayo Norah anamzawadia David, iliyopewa jina la Mtunza Kumbukumbu. Kitabu kinatueleza picha ambazo hatuzioni. Filamu yenyewe ni picha tangu mwanzo hadi mwisho. Nina kurasa sita hapa kuhusu hilo, nazikunja.

Dada pale mbele ameinua mkono tangu nilipomtaja June. Karibu, uliza. Ila nakuomba, usiniulize kama inafanana na kitabu.