Moduli moja bei yote ile, pesa zinakwenda wapi? Najibu leo

Haya jamani, habari za siku nyingi. Leo sina muziki wa kufungulia wala sizungushi kamera karakana. Nimekaa tu hapa mezani kwa sababu swali kuhusu moduli ninazotengeneza, vile vipande vya sintesaiza, ala ya muziki inayotoa sauti kwa umeme, ni lile lile, linakuja kila wiki, na kumjibu mmoja mmoja nimeshindwa.

Swali lenyewe linakuja kwa sura tatu. Wa kwanza anasema, "Dada, bei za moduli zako tumeziona dukani, mbona bado unasema pesa hakuna?" Wa pili anasema, "Nipe mchongo na mimi nianze." Wa tatu haulizi, anaandika tu kwamba najidai kwa sababu niko ughaibuni. Nikisema kazi inalipa, naringa. Nikisema ni ngumu, nawazibia njia. Basi leo naweka hesabu mezani kama ilivyo, na kila mtu ataamua mwenyewe. Ila hizi ni hesabu zangu mimi, karakana yangu mimi. Mwenzangu anayefanya kazi hii hii anaweza kuwa na zake tofauti kabisa.

Moduli inavyofanya kazi sielezi tena, video za mwanzo zipo. Nitarudia jambo moja tu, maana bila hilo mtu wa mtaji mdogo kama mimi asingeingia humu. Katikati ya miaka ya 1990, Mjerumani Dieter Doepfer alileta mfumo wake wa moduli uitwao A-100, na vipimo vyake vikawa ndivyo vipimo vya watu wengi: kimo milimita 128.5, upana unahesabiwa kwa vipande vya milimita 5.08, umeme volti 12 chanya na volti 12 hasi. Ukifuata vipimo hivyo, moduli uliyotengeneza chumbani inakaa kwenye sanduku moja na moduli ya kampuni kubwa, na zinaongea. Mteja hahitaji kukuamini kwa sintesaiza nzima. Anakuamini kwa kipande kimoja.

Sasa pesa. Tuseme mteja dukani ametoa mia moja na ishirini. Msiniulize ni mia na ishirini za nchi gani, shikeni uwiano tu. Pale ninapouza, ishirini ni kodi ya ongezeko la thamani, hiyo haikuwa yangu wala ya duka. Imebaki mia. Duka linachukua thelathini na tano, na mimi silinung'unikii, kwa sababu linapokea simu za wateja, linaweka moduli mahali watu waiguse, na linabeba mzigo usiouzika. Kwangu zinafika sitini na tano. Hapo bodi ya saketi, paneli ya mbele, chipu, jeki za kuchomekea waya na vitufe vya kuzungusha vimeshakula ishirini na tano. Kiwanda kinachopachika vile vipande vidogo kwa mashine, kumi. Boksi, waya wa umeme na skrubu, nne. Moduli zinazorudi kutengenezwa, tatu. Bima, mhasibu, usajili, maonyesho, nane. Zimebaki kumi na tano. Katika hizo kumi na tano hamjaona mshahara wangu, na hamjaona mwaka mzima niliochora bodi tano zilizoishia kwenye ndoo kabla ya ile ya sita kufanya kazi.

Kwa hiyo dada uliyeandika kwamba nazidisha bei mara nne, ni kweli, na zaidi: ukilinganisha bei ya dukani na vipande peke yake, ni karibu mara tano. Nikizidisha mara mbili nafunga baada ya kundi la kwanza, yaani moduli zinazotengenezwa kwa mkupuo mmoja.

Lakini hata hizo kumi na tano si ndizo zinazoninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni pesa kulala. Naomba mnisikilize hapa. Kundi langu ni moduli themanini. Chipu nalipa siku ninayoagiza. Bodi nalipa kabla hazijakatwa. Paneli hivyo hivyo, na mwenye paneli hakubali kuchapa chini ya mia, kwa hiyo ishirini za ziada zinakaa chini ya meza yangu. Kisha nasubiri foleni ya kiwanda wiki sita, saba. Mzigo ukifika napima na kurekebisha mmoja mmoja. Nikipeleka dukani, ankara inasema siku thelathini. Kuna duka moja, sitalitaja, lilikaa na ankara yangu siku tisini na nne, na kila nikiuliza naambiwa mhusika yuko likizo. Pesa iliyotoka Januari ilirudi Agosti. Katikati hapo kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa kila mwezi bila kujali, na simu kutoka nyumbani zilikuwa zinalia.

Niseme hili nalo, maana limenikaa. Kuna ndugu yangu alipiga simu wakati huo, ana shida ya kweli, nikamwambia sina. Alikuwa ameona picha niliyoweka siku mbili kabla, maboksi themanini yamepangwa hadi dirishani. Hakunijibu. Mpaka leo tunasalimiana tu kwenye misiba. Alichokiona kwenye ile picha ni utajiri. Mimi nilikuwa nimepiga picha deni langu. Tangu siku ile sipigi tena picha za maboksi, na mlioniuliza kwa nini, ndiyo sababu.

Turudi. Chipu. Mliokuwa nami tangu 2021 mnakumbuka nilivyopotea hapa karibu nusu mwaka. Ule ulikuwa uhaba wa chipu wa dunia nzima, viwanda vya magari vilisimama, sembuse mimi. Nilikuwa nimejenga moduli nzima juu ya chipu moja ya kuendesha programu, na muuzaji akaniandikia nisubiri wiki hamsini na mbili. Nikabomoa mchoro nikaanza upya na chipu nyingine, nikaandika programu tena. Siku hizi kabla sijachora chochote natafuta kwanza kama kipande kina ndugu yake anayeweza kukaa pale pale kwenye bodi. TL072, kwa mfano, ile chipu ya kukuza mawimbi, ina watengenezaji zaidi ya mmoja na miguu yake minane imepangwa vile vile. Vipande vya namna hiyo navipenda.

Wengine mnaniuliza kwa nini kiwanda kisimalize kila kitu, mimi niuze tu. Kwa sababu ya osileta, ile moduli inayotengeneza mlio wenyewe. Mfumo huu unakwenda kwa volti moja kwa oktava, yaani ukiongeza volti moja sauti inapanda oktava moja, utaratibu uliotokana na kazi ya Robert Moog miaka ya 1960. Oktava ina nusutoni kumi na mbili, zile hatua ndogo za kinanda, kwa hiyo nusutoni moja ni milivolti 83.3. Ukikosea milivolti nne tu kwa kila oktava, ukipanda oktava tano umeshapotoka karibu robo ya nusutoni, na mwanamuziki anasikia, tena anasikia vibaya. Na transista, vipande vidogo vinavyodhibiti umeme ndani yake, zinabadilika na joto. Kwa hiyo nawasha moduli, naiacha nusu saa ipate joto lake, ndipo nashika bisibisi ndogo na kukaza kile kirekebishi cha mizunguko mingi, oktava ya chini, oktava ya juu, narudi chini, narudi juu. Dakika ishirini kwa kila moja. Themanini hizo ni zaidi ya saa ishirini na sita, na hiyo ni kama hakuna iliyokataa. Hii kazi naipenda kuliko zote. Kuna sekunde mbili sauti mbili zinapokaribiana, unasikia zinapigana, zinapigana polepole, kisha zinatulia zinakuwa kitu kimoja. Nimeisikia maelfu ya mara na bado naacha mkono nisikilize.

Na nimewahi kuharibu, msidhani. Waya wa umeme una mstari mwekundu upande mmoja, na mstari ule huonyesha upande wa volti 12 hasi. Kundi langu la pili nilichapa alama upande usio wake. Nilipima kwa waya nilioutengeneza mwenyewe, nao ulikuwa umegeuzwa vile vile, kwa hiyo mezani kila kitu kilikuwa sawa. Nikatuma moduli arobaini. Ujumbe wa kwanza ulikuja na picha ya chipu iliyopasuka. Nilizirudisha zote kwa gharama yangu, kwenda na kurudi, na faida ya mwaka ule ikaishia hapo. Sasa kila bodi yangu ina dayodi mbili za kinga pale umeme unapoingia, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na mtu mwingine ndiye anayepima kwanza, kwa waya wake.

Makaratasi. Hapa ndipo wengi wanaoniandikia "nipe mchongo" watakaponyamaza. Ukivusha moduli mpakani lazima uandike namba ya forodha. 9207 ni ala za muziki zinazotoa sauti kwa umeme. 9209 ni sehemu na vifaa vya ala za muziki. 8543 ni mashine za umeme zisizotajwa kwingine, na humo zimo zinazozalisha mawimbi. Sasa niambieni, kipande kisichotoa sauti mpaka kiwekwe sandukuni na wenzake ni ala, ni sehemu ya ala, au ni mashine? Nimekutana na maofisa watatu, majibu matatu. Mzigo mmoja ulikaa wiki tatu, na kila siku ya kukaa ilikuwa inalipiwa. Kilichoniponya ni kuomba uamuzi wa maandishi mapema, unapeleka maelezo na picha, wanakujibu kwa barua, na barua hiyo unaishika kama hati ya kiwanja. Nchi nyingi zina utaratibu huo na watu hawauombi.

Kisha kuna Ulaya. Alama ya CE, inayosema bidhaa inafuata sheria za Ulaya, unajiwekea mwenyewe, ndiyo, lakini unaposaini ile karatasi unaapa kwamba umepima na una jalada la kuthibitisha. Sheria ya vitu vya sumu inazuia risasi, ile metali nzito, kwa hiyo waya wa kulehemu ni ule usio na risasi, unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 217 badala ya 183 za ule wa zamani, na mkono lazima ujifunze upya. Na sheria ya taka za umeme ndiyo inayonichosha: daftari la usajili si moja la Ulaya nzima, kila nchi ina lake. Ukitaka kumuuzia mteja moja kwa moja kwenye kila nchi, unatakiwa kuwa na mwakilishi na usajili huko huko. Nilipiga hesabu nikaona moduli tatu kwa mwaka kwenye nchi moja haziwezi kulipia karatasi zake, nikaacha. Nauza kupitia maduka. Na Marekani nayo, ule msamaha wa ushuru wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025. Wateja wangu wa kule waliokuwa wanaagiza kwangu moja kwa moja, zaidi ya nusu wamekaa kimya.

Mmeniuliza pia kuhusu maonyesho, kama nilifurahi. Nilifurahi. Lakini siku ya pili alikuja bwana mmoja, akacheza na moduli yangu dakika ishirini, akasifu sauti, kisha akainua macho akatazama nyuma yangu, akaniuliza mwenye kampuni anarudi saa ngapi. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akauliza tena. Sikumjibu mara ya pili, nilimfungulia paneli nikamwonyesha jina lililochapwa kwenye bodi, na jina lile lilikuwa limeandikwa kwenye beji yangu. Alinunua. Pesa yake niliichukua, lakini siku nzima iliyobaki sikuwa sawa.

Haya, anayetaka kuanza. Siwezi kukuambia anza wala usianze, sijui una majukumu gani. Mimi nilianza nikiwa na ajira nyingine na niliishika miaka minne. Ningekuwa na watoto wadogo pengine nisingethubutu. Kujifunza ni bure: Émilie Gillet, aliyekuwa na kampuni ya moduli ya Mutable Instruments, aliacha michoro na programu za moduli zake nyingi wazi, na mimi nimejifunza kwa kuzifuata mstari kwa mstari. Ukijenga juu yake sema umetoa kwake, toa na wewe mchoro wako kwa masharti yale yale, na usitumie jina la kampuni yake. Tengeneza moja. Kisha tengeneza kumi, uwape watu wanaopiga muziki kweli, usikie watakachokasirikia. Pesa ya kula usiiweke kwenye chipu. Hilo la mwisho nalisema kwa sababu mimi niliiweka.

Na yule aliyeuliza kundi hili la sasa limefikia wapi: thelathini na moja zimepimwa, arobaini na tisa bado, mbili kati ya hizo zinatoa mlio nisiouelewa. Ankara ya kwanza inalipwa wiki tatu zijazo, kama mhusika hayuko likizo. Ile iliyowashwa hapa nyuma imeshafikisha nusu saa yake, acha nikaishike kabla haijapoa.