Tani ya Japani na Tani ya China

Waheshimiwa wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie jinsi Japani na China zilivyoagiza vibanzi vya mbao, yaani vipande vidogo vya mti vya kutengenezea karatasi, kwa miaka mingi, na najua wengine wenu mnasubiri grafu yenye mistari miwili. Grafu itangoja. Nitaanza na tani, kwa sababu nimelisema jambo hili kila nilipoalikwa, na bado naletewa hesabu zilizochanganywa.

Chukueni konzi ya vibanzi vilivyotoka mashineni sasa hivi. Ukiviminya, kiganja kinabaki na ubaridi na harufu ya mti mbichi. Vipimeni, viwekeni katika tanuri lenye joto la nyuzi 105 za Selsiasi, kisha mvipime tena na tena hadi uzito ukome kupungua. Mara nyingi karibu nusu ya uzito wa mwanzo itakuwa imetoweka, kwa kuwa yalikuwa maji. Kiwanda cha karatasi kinatafuta nyuzinyuzi, hakitafuti maji, ndiyo maana biashara hii huhesabiwa kwa tani kavu kabisa. Basi anayeweka tani mbichi za nchi moja kando ya tani kavu za nchi nyingine huikuza ile ya kwanza karibu maradufu, ilhali hakuna hata meli moja iliyoongezeka bandarini.

Mtaniambia tutumie thamani ya fedha, tuepukane na maji. Hapana. Takwimu za uagizaji kwa kawaida hujumlisha nauli na bima, na safari ya kutoka Chile hadi Japani si sawa na ile ya kutoka Vietnam hadi kusini mwa China. Nauli ikipanda, mstari wa fedha unapanda, na mbao ni zile zile.

Tukishakubaliana juu ya tani kavu, historia inasomeka. Japani ilianza katikati ya miaka ya 1960, kwa meli zilizoundwa mahsusi kubeba mzigo huu unaojaza nafasi ya meli kabla ya kufikia uzito inaoweza kubeba, kwanza kutoka pwani ya magharibi ya Marekani, baadaye Australia na kwingineko. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha duniani, uagizaji wake ulianguka vibaya. China, kwa upande wake, hadi miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa ikiuza vibanzi nje, na Japani ilikuwa miongoni mwa wateja wake. Viwanda vikubwa vya pwani, kikiwemo kile cha kisiwa cha Hainan kusini mwa China, ndivyo vilivyoigeuza kuwa mnunuzi, hasa wa akasia ya Vietnam.

Msiniulize ni mwaka gani China iliipita Japani kabla hamjaniambia mnahesabu nini. China huagiza karibu vibanzi vya miti ya majani mapana pekee, msimbo wa forodha 4401.22, ilhali Japani huagiza pia vya misonobari na jamii yake, msimbo 4401.21. Ukiiacha misonobari, China inapita mapema zaidi, ukiijumlisha, inachelewa.

Muda umenibana, kwa hiyo naligusa tu la mwisho: China hununua pia rojo ya karatasi iliyokwisha kutengenezwa, kwa wingi kutoka Brazil, na mbao zilizotengenezea rojo hiyo hazionekani kabisa katika mstari wa vibanzi.