Kabla ya Modeli, Zijue Picha Zako

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko na nyie wanafunzi wa vyuo mnaoandaa miradi ya mashindano ya ujifunzaji wa mashine. Kaka Baraka, swali tunaloulizwa sana ni hili: nitumie modeli gani, yaani programu ipi inayojifunza kutokana na mifano?

BARAKA: Mimi naanza na data, dada. Chukua picha za majani ya mihogo za Chuo Kikuu cha Makerere, zilizoshindaniwa kwenye Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, kuanzia mwishoni mwa 2020. Ni zaidi ya 21,000, nyingi walipiga wakulima wa Uganda mashambani mwao. Wataalamu wakazigawa makundi matano: magonjwa manne, na majani mazima yasiyo na ugonjwa.

NEEMA: Batobato ikiwemo, na michirizi ya kahawia, yote magonjwa ya virusi.

BARAKA: Batobato ndiyo imejaa. Peke yake ni kama asilimia 61 ya picha zote! Kwa hiyo programu isiyojua chochote, inayojibu “batobato” kwa kila jani, inapata 61.

NEEMA: Hapo naomba mtu asipitwe. Ukisimama mbele ya majaji na asilimia 70, umeizidi programu hiyo kwa pointi tisa tu.

BARAKA: Ndiyo maana hesabu hiyo iwe ya kwanza kwenye ripoti yako. Washindi wa Kaggle, kati ya maelfu ya timu, walifika kama asilimia 91.

NEEMA: Na mwanafunzi akija na 99?

BARAKA: Namwuliza alizigawaje picha. Shina moja likipigwa picha mara tatu, mbili zikaenda kufundishia modeli na moja kuipimia, modeli inatambua shina lile lile, haijajua ugonjwa. Kama unajua picha zilitoka shamba gani, gawa kwa mashamba. Usahihi utashuka, lakini utakuwa wa kweli.

NEEMA: Mimi kama jaji ningekwenda mbali zaidi. Sitaki asilimia moja ya jumla, nataka kuona kila ugonjwa kivyake, kwa sababu makosa hayalingani. Mihogo inapandwa kwa vipande vya shina. Programu ikimwambia mkulima shina ni zima kumbe lina virusi, atalikata, atapanda, pengine atampa na jirani.

BARAKA: Na ikikosea upande wa pili, anang'oa bure mmea usio na ugonjwa.

NEEMA: Hasara ipo, ila ni ya mmea mmoja. Ile ya kwanza inahama shamba hadi shamba. Timu ikinieleza imeamua kuvumilia kosa lipi, na kwa nini, naipa alama kuliko timu iliyorundika modeli kumi.

BARAKA: Hapo kwenye modeli kumi sikubaliani nawe kabisa. Kuunganisha majibu ya modeli nyingi kunapandisha matokeo, na Kaggle walishinda hivyo.

NEEMA: Kaggle sawa, kule kinachopimwa ni namba tu. Mradi wa chuo unaulizwa utatumikaje. Programu ya Nuru ya PlantVillage, inayotambua magonjwa ya mihogo, inafanya kazi kwenye simu bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Anayelenga shamba afundishe modeli ndogo inayoweza kukaa kwenye simu, kama MobileNet. Na kufundishia hakuhitaji kompyuta ya gharama, Kaggle na Colab ya Google wanatoa GPU, vichakato vya kasi vya kufundishia modeli, bure mtandaoni kwa saa za kiasi.

BARAKA: Hilo nimelipokea. Ila timu pia iseme mipaka ya picha zenyewe. Michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioripotiwa Tanganyika tangu miaka ya 1930, unaweza kuozesha mizizi huku majani hayaonyeshi mengi. Mkulima anagundua siku ya kuvuna. Kamera ya jani haiwezi kuona huko chini.

NEEMA: Andikeni hivyo kwenye ripoti, waziwazi. Jaji anayejua mihogo atawaamini zaidi.

BARAKA: Kuna msikilizaji ameuliza, timu iwe ya watu gani?

NEEMA: Wote wakiwa wa kompyuta, tafuteni mmoja wa kilimo. Kama mko Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko hapo hapo. Akae nanyi wiki ya kwanza, afungue picha mia mbili moja moja, awaambie zipi zimepewa jina la ugonjwa lenye mashaka.

BARAKA: Kabla hamjaandika msimbo wowote?

NEEMA: Kabla. Na jina lake liwe kwenye mradi kama ya wengine, asiwekwe kwenye shukrani tu.