Hoja ya Mtaa Inapoingia Ukumbini: Baraza la Jiji, Barabara, Majengo na Kero Zetu

(Mhadhara kwa wajumbe wa kamati za mitaa, Tabata, Dar es Salaam)

Ndugu wenyeviti wa mitaa, wajumbe, watendaji, wazee wangu na mama zangu: wanaostahili shikamoo nawapa, wengine habari za asubuhi. Nimeombwa nieleze namna Baraza la Madiwani linavyosimamia barabara, majengo ya umma na kero za mitaani. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa uandishi wa vikao. Unakaa pembeni ya meza kubwa, unaandika nani kasema nini na kimeazimiwa nini. Kwa hiyo nitawaonyesha Baraza kutoka kiti cha karani. Cha meya kina mengine.

Nianze na barabara, maana najua wengi ndiyo mmeijia. Chukueni barabara moja ya ndani hapa Tabata, ile inayotoka kwenye makazi mpaka inakutana na Barabara ya Mandela. Lami, kama ipo, na mtaro wake viko chini ya TARURA, wakala wa barabara za ndani. Bomba lililozikwa pembeni na chemba inayofurika ni vya DAWASA, watu wa majisafi na majitaka. Nguzo na nyaya ni za TANESCO, shirika la umeme. Lundo la taka linalosubiri gari na kibanda cha chipsi kilichoegemea ukuta wa shule, hivyo ni vya Jiji. Ukimaliza barabara ukaingia Mandela, uko kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mwendo wa dakika chache tu umepita kwa wakubwa watano, na kila mmoja ana ofisi yake, bajeti yake na mlango wake.

Mwananchi hana habari na hayo yote. Akikuta shimo anamtukana diwani. Diwani naye, kusema kweli, hana greda. Zamani halmashauri ilikuwa na wahandisi wa barabara walioripoti kwa mkurugenzi, ukimbana mkurugenzi umewabana. Mwaka 2017 Serikali ikaanzisha Wakala wa Barabara za Mijini na Vijijini, yaani TARURA, na barabara za halmashauri zikahamia huko. Bajeti ya mwaka 2021/2022 ikaongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Fedha hiyo haikatizi kwenye akaunti ya Jiji. Sina ugomvi na mpango huo. Barabara inahitaji fedha ya uhakika, na halmashauri nyingi zilikuwa zinaanza na barabara na kuishia kwenye posho. Ila tukubaliane kwamba Baraza limebaki na silaha moja juu ya barabara, nayo ni kuuliza. Meneja wa TARURA wa wilaya anakuja na taarifa yake, madiwani wanamhoji, majibu yanaandikwa. Wanaosema Baraza la kuuliza tu halina kazi hawajamwona mkuu wa idara akitafuta ukurasa huku mikono inatetemeka.

Baraza lenyewe mnalijua kwa juu juu, nitapita haraka. Jiji la Dar es Salaam, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala, lina kata 36, kila kata ina diwani wa kuchaguliwa. Wapo madiwani wanawake wa viti maalumu na wabunge. Meya anachaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, na ndiye katibu wa Baraza. Hapo pana jambo la kuangalia: anayeandaa ajenda ni mtu wa mkurugenzi, na anayeulizwa ndani ya ajenda ni mkurugenzi huyo huyo. Sheria imelipanga hivyo tangu ile ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1982, na kwa hiyo diwani asiye na karatasi mkononi anasemewa.

Kazi haifanyiki Barazani. Barazani kuna majoho, dua na wapiga picha. Kazi inafanyika kwenye kamati za kudumu: Fedha na Uongozi, Mipango Miji na Mazingira, na ile ya Uchumi, Afya na Elimu. Fedha wanakaa kila mwezi, nyingine kila robo ya mwaka. Kikao cha kamati kina watu wachache, chai, na kabrasha nene ambalo baadhi ya waheshimiwa wanalifungua siku hiyo hiyo. Karani anaona plastiki ya kabrasha ikichanwa mezani, anajua leo maswali yatakuwa ya barabarani kwake mheshimiwa tu.

Ajenda ya kamati ina sehemu mbili ambazo ningependa mzikariri kuliko majina ya wakubwa. Mwanzoni kuna yatokanayo na kikao kilichopita. Mwishoni kuna mengineyo. Jambo likiingia kwenye yatokanayo haliwezi kufa kimya kimya, kwa sababu kila robo mwaka mtu anatakiwa aandike mbele yake utekelezaji umefikia wapi. Jambo likisemwa kwenye mengineyo, saa nane mchana, watu wameshakunja makabrasha, mwenyekiti atasema "wataalamu mmesikia", wataalamu watatikisa vichwa, na habari imeishia hapo. Kero nyingi za Dar es Salaam zimezikwa kwenye mengineyo.

Sasa nije kwenu. Muhtasari wa mkutano wa mtaa ukiandikwa "wananchi walilalamikia mtaro kuziba, mwenyekiti aliahidi kufuatilia", huo hauna pa kushikwa. Nimeupokea muhtasari wa namna hiyo mara nyingi, na kwa moyo safi nikauweka kwenye faili. Andikeni hivi: kalavati lililo mbele ya zahanati, upande wa kushoto ukitokea msikitini, limezibwa kifusi tangu ukuta wa nyumba ya jirani ulipojengwa, mvua ikinyesha maji yanaingia chumba cha kina mama wajawazito, mkutano umeazimia TARURA waandikiwe wazibue na mkaguzi wa majengo wa Jiji athibitishe kama ukuta una kibali. Hapo mtendaji wa mtaa ana cha kupeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, ana cha kubeba. Na ukiangalia vizuri, hoja hiyo imegusa afya, barabara na mipango miji kwa pamoja, kwa hiyo ikikwama mlango mmoja kuna mwingine.

Mzee mmoja hapa mbele ananiuliza kwa sauti ya chini: na picha? Piga, mzee wangu. Picha yenye tarehe ibandikeni kwenye muhtasari. Kuna wataalamu wana kipaji cha kusema "tatizo hilo halipo kwa sasa".

Majengo. Hapa watu wanachanganya mawili: majengo ambayo Jiji linayamiliki na majengo ambayo Jiji linayatolea kibali. Yanayomilikiwa ni shule, zahanati, vituo vya afya, masoko ya kata, ofisi za watendaji, kumbi kama Karimjee, ambako Bunge letu la mwanzo lilikaa. Si kila jengo kubwa la umma ni la Jiji. Soko Kuu la Kariakoo, lililoungua Julai 10, 2021, liko chini ya shirika lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Kwa hiyo kabla hujamfokea diwani kuhusu jengo fulani, uliza kwanza ni la nani.

Kwenye yale yanayomilikiwa, usimamizi wenu ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Madarasa mengi siku hizi yanajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: fedha inaingia akaunti ya shule, fundi anatafutwa, na kunaundwa kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji ikishuka kwenye gari. Mjumbe akisaini mifuko ambayo hajaihesabu, ziara ya Kamati ya Fedha haitamsaidia, maana waheshimiwa wanafika rangi imeshapigwa. Watazunguka, watagonga ukuta kwa vidole, watapiga picha na walimu, wataondoka. Nondo haionekani ikishafunikwa zege. Anayeiona ni mama anayeuza maandazi jirani na mradi, na mjumbe wa mtaa anayepita asubuhi na jioni.

Kwenye yale ya kibali, yanakuja mambo ya uhai na kifo. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya mji, Mtaa wa Indira Gandhi, likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 tukalia tena, ghorofa la Kariakoo. Baada ya maafa kama hayo zinaundwa tume, zinatajwa bodi za wakandarasi, wahandisi na wabunifu majengo, na ni sawa kutajwa. Lakini halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi, na sharti la kibali ni kwamba jengo likaguliwe kwa hatua: msingi, nguzo, kila sakafu. Kamati ya Mipango Miji na Mazingira inaletewa orodha ya vibali vilivyotolewa. Mimi, kama ningekuwa diwani, ningeulizia orodha ya pili: majengo yapi yamekaguliwa robo hii, hatua gani, na nani kasaini. Vibali ni rahisi kuvihesabu kwa sababu vinaleta ada. Ukaguzi unakula mafuta ya gari, ndiyo maana taarifa yake huwa nyembamba. Mkiona mtaani watu wanachimba chini ya ghorofa lenye wapangaji ili kupata maduka ya chini, msisubiri kikao. Mtendaji aandike barua siku hiyo hiyo, nakala kwa mkuu wa wilaya.

Kero za kila siku sitazimaliza. Taka: mzabuni ana mkataba na Jiji, na mkataba una ratiba ya kupita mtaani, ombeni nakala ya ratiba ibandikwe kwenye ubao wa mtaa, kisha andikeni siku ambazo gari halikuja. Wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia majitaka mtaani, mvua ikianza ni kazi ya afisa afya wa kata, na sheria ipo, kinachokosekana ni jirani kukubali kutoa ushahidi juu ya jirani. Hilo najua ni gumu, tunakopeshana chumvi. Machinga ni mjadala wa siku nzima. Walipohamishwa kwa wingi mwaka 2021 kila mtaa wa pembeni ulipokea vibanda ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, na mpaka leo baadhi vimekaa juu ya mitaro ile ile tunayoilalamikia.

Jambo la wakati. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Miongozo ya bajeti inatoka mwishoni mwa mwaka, mitaa na kata zinaibua vipaumbele, na mwanzoni mwa mwaka unaofuata Baraza linapitisha rasimu kabla ya kwenda juu. Mwenyekiti anayeanza kudai darasa mwezi Aprili anadai la mwaka kesho kutwa. Masika yanafika Machi, hasira zinapanda, mikutano inajaa, na bajeti imeshafungwa. Mkutano wenu mkubwa wa mwaka uwe Oktoba au Novemba, jua likiwaka na mtaro mkavu. Watu watakuja wachache. Uitisheni hivyo hivyo.

Kuna kijana ameuliza kwenye karatasi kwamba Baraza lenyewe si linavunjwa tu wakubwa wakitaka, tuhangaike nalo kwa nini. Ana hoja. Serikali za mitaa zilifutwa miaka ya sabini, miji ikarudishiwa halmashauri mwaka 1978 baada ya huduma kuzorota. Mwaka 1996 Baraza la Jiji likavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja mpaka mwaka 2000, ndipo zikaanza manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja Jiji la zamani na kuipandisha Ilala kuwa Jiji. Kila mara wanaoingia wanakuta makabati ya mafaili. Mwaka ule 2021 masuala ya kata zetu yaliendelea kwa sababu yalikuwa yameandikwa na yana namba ya kumbukumbu. Yaliyokuwa kwenye kichwa cha mtu yaliondoka naye.

Swali la mwisho, mama wa kitenge cha bluu: mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia Baraza la Madiwani? Anaruhusiwa. Vikao vya Baraza ni vya wazi isipokuwa Baraza lenyewe liamue kujigeuza kamati. Utakaa nyuma, hutazungumza, simu uizime. Tarehe muulize diwani wako au mtendaji wa kata, na uwahi, kwa sababu viti vya wageni vinajazwa na maofisa wa idara waliokuja kumsindikiza mkuu wao. Nendeni watu wanne wa mtaa mmoja, mkae mahali ambapo diwani wenu anawaona, siku ambayo hoja yenu iko kwenye yatokanayo.