Kufungasha kwa Safari ya Gari na Watoto Wadogo

Habari zenu, karibuni sana. Leo tunafungasha. Safari ni ya gari, ya saa kadhaa, na kiti cha nyuma kina watoto wawili: mmoja bado ni wa nepi, mwenzake ni wa umri ule wa kuuliza "tumefika?" wakati gari halijatoka hata getini. Vitu vyote nimevitandaza hapa sakafuni ili uvione. Kabla sijagusa hata kimoja, tukubaliane jambo moja, maana kila ninachofanya baadaye kinalifuata.

Wengi wetu hufungasha kwa aina: nguo na nguo, chakula na chakula, dawa na dawa. Kwa mtu mzima anayesafiri peke yake, hakuna shida. Ukiwa na mtoto mdogo, jiulize: hiki nitakihitaji gari likiwa katika hali gani? Likiwa linatembea, likiwa limesimama kando, au tukiwa tumeshafika? Kwa hiyo tuna mafungu matatu. La mwendoni linakaa pale mkono unapofika. La kusimama linakaa mlangoni kabisa mwa buti. La kufika linazama chini, ndani. Utaona nepi zinatokea kwenye mafungu yote matatu, na ndivyo ninavyotaka.

Hatua ya kwanza, viti vya watoto. Najua ulitegemea nianze na mabegi. Lakini kiti hakipunguzwi wala hakihamishwi ili begi lipate nafasi, kwa hiyo kinafungwa kwanza, na mizigo itachukua kilichobaki. Sogea karibu uone. Nakishika kiti pale mkanda unapopita, nakitikisa kulia na kushoto. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 hivi. Hiki kinacheza, napiga goti juu yake, navuta mkanda, najaribu tena. Sasa kimetulia. Mtoto mchanga anakaa ameelekea nyuma ya gari, na abaki hivyo hadi afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe, hata kama miguu inaonekana kukosa nafasi. Na kiti cha kuelekea nyuma kamwe hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Mtoto akishakaa, jaribu kufinya mkanda wake usawa wa mtulinga kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, umelegea, kaza. Jaketi nene linavuliwa kwanza, kwa sababu gari likigonga unene ule unabonyea na mkanda unabaki na nafasi. Kama kuna baridi, mfunge kwanza, kisha mfunike blanketi kwa juu. Blanketi hilo basi linaingia fungu la mwendoni. Mito mizuri inayouzwa kivyake ya kuweka chini au nyuma ya mtoto, ambayo haikuja na kiti, mimi siipakii.

Hatua ya pili, begi la mwendoni. Hili ndilo litakalokuokoa, kwa hiyo tutakaa nalo. Linakuwa miguuni mwa mtu mzima asiyeendesha. Kama unaendesha peke yako, elewa kwamba huna fungu la mwendoni: mtoto akililia kitu unasimama mahali salama ndipo unampa. Hakuna kunyoosha mkono nyuma huku macho yakiwa kwenye kioo.

Tazama ninavyofunga nguo za kubadilisha. Sichukui rundo la fulana hapa na rundo la suruali pale. Natandaza fulana, juu yake suruali, juu yake chupi na soksi, naviringisha pamoja, natia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu. Naukandamiza hewa itoke, nafunga. Seti moja, mfuko mmoja. Kimechafuka? Unatoa kisafi, unaingiza kichafu humo humo, unafunga, na harufu inabaki huko. Andaa seti mbili kwa kila mtoto. Kisha weka na fulana moja yako wewe, kwa sababu mtoto anayetapika humtapikia aliyembeba, na hakuna anayekumbuka jambo hilo wakati wa kufungasha.

Nepi: hesabu moja kwa kila saa mbili za safari, halafu ongeza za kutosha siku ya foleni au tairi lililotoboka. Kwenye begi hili zinakuja tatu tu, pamoja na pakiti ya tishu za maji, kitambaa cha kumlalia anapobadilishwa, na mifuko midogo ya kutupia. Zilizobaki zinakwenda fungu la kusimama, na pakiti kubwa ambayo haijafunguliwa inazama kwenye fungu la kufika.

Tukiwa hapo hapo, suala la kutapika. Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12; wachanga mara nyingi hawasumbuki. Sikio la ndani linahisi mwendo, macho yanatazama kitabu kisichosogea, na ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Ndiyo maana kitabu cha picha na tableti ni adui wa tumbo la mtoto wa namna hiyo. Mkalishe mahali anapoona nje mbele ya gari, fungua hewa, mpe chakula chepesi kabla ya kuondoka badala ya kumshindisha njaa. Nafungasha bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, taulo mbili ndogo, na chupa ya maji ya kusukutua. Bakuli nalipenda kuliko mfuko, kwani mtoto analishika mwenyewe na halikunjiki. Dawa za kuzuia kutapika zipo, lakini nyingine hazifai kwa walio chini ya miaka 2 na nyingi zinaleta usingizi. Muulize mfamasia siku kadhaa kabla, si asubuhi ya safari.

Hatua ya tatu, chakula. Hapa nina msimamo mkali kidogo, mnisamehe. Mtoto aliyepaliwa hapigi kelele. Ananyamaza, na anayeendesha hajui. Kwa hiyo karanga, bisi, pipi ngumu na vipande vya karoti mbichi haviingii kwenye gari langu kama kuna mtoto wa chini ya miaka 4. Zabibu zinakatwa kwa urefu, vipande vinne kila moja. Angalia, hivi: kutoka kwenye kikonyo kwenda chini, kisha tena. Ukikata katikati kwa upana unabaki na vipande vya mviringo ambavyo bado vinaziba koo. Vinavyofaa ni ndizi, mkate laini, biskuti zinazoyeyuka mdomoni. Kila mtoto na kopo lake dogo, vitu vilevile, kiasi kilekile. Mnaojua mnajua.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa tu, hata jua likiwa kali, maji usimpe. Kama ananyonya, fungu lake la chakula halina uzito, ila panga vituo zaidi. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 24 kwenye boksi la baridi lenye barafu iliyoganda vizuri, na saa 4 hivi yakiwa nje mahali pasipozidi nyuzi 25. Kwa maziwa ya kopo, usikoroge nyumbani. Beba unga uliopimwa kwenye vikopo vikavu na maji yaliyotoka kuchemka kwenye chupa ya chai inayohifadhi joto. Unapokoroga, maji yawe bado hayajashuka chini ya nyuzi 70, kisha poza chupa kwenye maji baridi, jaribu tone moja mkononi ndipo umpe. Kilichobaki baada ya kunyonya kinamwagwa.

Vyakula vingine vinavyoharibika havikai nje ya baridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu. Kwenye boksi sinunui barafu. Nagandisha chupa za maji ya kunywa usiku. Asubuhi ndizo barafu, mchana ndiyo maji.

Hatua ya nne, dawa. Sanduku ni dogo: kipimajoto, plasta na bandeji, dawa ya kusafishia jeraha, kibanio cha kutolea miiba, dawa ya homa ya watoto ikiwa kwenye chupa yake na kijiko chake, na pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa mtoto anayeharisha au kutapika. Pima uzito wa kila mtoto leo na uuandike ndani ya mfuniko kwa kalamu ya wino, kwa sababu dozi ya dawa ya homa hufuata uzito, na saa nane usiku barabarani hutakumbuka. Pakiti nyingi za ORS huchanganywa na maji lita 1 kamili, kwa hiyo beba chupa ya lita 1 tupu na safi ya kupimia. Soma maelekezo ya pakiti yako. Ukishakoroga, itumike ndani ya saa 24. Mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, usitibu garini. Geuza gari kuelekea hospitali.

Dawa anazotumia mtoto kila siku hazilali kwenye buti wala juu ya dashibodi, huko kuna joto. Ziende na begi la mwendoni. Kadi ya kliniki ipige picha, ibaki kwenye simu.

Michezo nitapita haraka. Chukua michache, ficha nusu yake, toa kimoja kimoja. Viwe laini, kwa sababu breki ikishikwa ghafla kila kisichofungwa kinaruka. Na chochote chenye betri ndogo bapa ya duara, hakikisha mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Betri ile ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Ni dharura ya hospitali, si ya kusubiri itoke.

Hatua ya tano, buti. Twende nje. Kabla ya begi lolote, fungua sakafu ya buti. Tairi la spea lina upepo? Jeki ipo? Spana ya magurudumu? Pembetatu ya kuakisi? Kama spea yako iko chini ya mizigo, toa jeki, spana na pembetatu uzibane pembeni, karibu na mlango. Hakuna anayefurahia kushusha masanduku kando ya barabara usiku huku mtoto analia.

Sasa tunapakia kinyume na mahitaji. Fungu la kufika linatangulia: masanduku mazito, chini, yamegusa mgongo wa kiti cha nyuma. Juu yake vyepesi. Mzigo usipite urefu wa mgongo wa kiti, na kioo cha nyuma kibaki wazi. Mwisho kabisa, mlangoni, fungu la kusimama: nepi zaidi, boksi la baridi, maji, mkeka wa kukalia, kofia, tishu, mwavuli. Ukifungua buti, hayo ndiyo unayoyakuta, na hugusi kingine. Mzigo ukishaingia, angalia upepo wa matairi. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kwa kawaida kina vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari lililojaa. Leo soma cha pili.

Panga kusimama kila baada ya saa 2, mapema zaidi kama kuna mtoto mchanga, kwa sababu hapaswi kukaa kwenye kile kiti muda mrefu bila kunyooshwa. Na kila mkisimama, watoto wote wanashuka na wewe, hata kama mmoja amelala fofofo na wewe unalipia mafuta tu. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana, na mwili wa mtoto hupata joto mara 3 hadi 5 haraka kuliko wa mtu mzima. Ninachofanya: mkoba wangu wenye simu na pochi unakaa nyuma, miguuni pa mtoto. Siwezi kuondoka bila kuufuata.

Washa kufuli ya watoto kwenye milango ya nyuma na madirisha. Kisha zunguka gari lote kwa miguu kabla ya kurudi nyuma, hata kama una uhakika wote wako ndani.

Mkifika, watoto wanatoka kabla ya mizigo. Mifuko ya zipu yenye nguo chafu inakwenda kwenye maji moja kwa moja. Halafu, usiku huo huo, kabla hujalala, jaza tena begi la mwendoni: nepi tatu, seti mbili mbili, taulo kavu, bakuli lililooshwa, na lirudi miguuni pale mbele.