Meno ya Papa Kijitoni

JUMA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Jumamosi tulikuwa watu 11, wakubwa kwa watoto, tumevaa gambuti tumeingia kijito cha Big Brook, New Jersey, Marekani, kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Da Zuhura, mgongo unasemaje?

ZUHURA: Bado unauma, kaka! Kuinama kwa saa tatu si mchezo. Lakini hata kesho ningerudi.

JUMA: Waeleze ile kazi ya chekeche.

ZUHURA: Unachota changarawe katikati ya kijito, unatia kwenye chekeche, unatikisa majini. Mchanga unapita, kokoto zinabaki, macho yanaanza kazi. Saa nzima sikuona kitu, maana kila kitu pale ni cheusi au kahawia. Nimeshainua chekeche nimwage, binti yangu akanishika mkono: "Mama, tafuta kinachong'aa." Kumbe jino limelala pembeni! Jembamba, limepinda kidogo, na mizizi miwili kama panda ya manati. Jino la papa, la miaka milioni 70 hivi, na ncha yake bado inakwaruza kidole.

JUMA: Mtu atauliza, papa na kijito cha msituni wapi na wapi?

ZUHURA: Pale palikuwa bahari, zama za dainosari. Na papa huota meno maisha yake yote. Moja likidondoka, jingine liko nyuma tayari. Mifupa yake ni gegedu, laini kama ya sikio, inaoza. Meno yanabaki.

JUMA: Na anayechimba ni mvua. Kijito kikijaa kinamega kingo, vitu vinaporomokea majini. Sisi tulisubiri maji yapungue tu. Kingo zenyewe hairuhusiwi kuzichimba, na kila mtu mwisho visukuku vitano kwa siku.

ZUHURA: Hiyo sheria ya vitano naipenda mno. Binti yangu alikuwa na vinane, kimojawapo belemnaiti, jamaa wa ngisi wa kale, umbo la risasi, rangi ya asali. Alikaa juu ya gogo akivipanga na kuvipangua, mwisho akarudisha vitatu majini, kimoja kimoja. Hakuna aliyemsukuma.

JUMA: Ila jamani, mlio nyumbani msiige. Tanzania na Kenya visukuku vinalindwa na sheria. Ukikiona, kiache palepale, piga picha, waarifu watu wa makumbusho.

ZUHURA: Kwenye gari binti yangu aliniuliza, "Na vya kwetu viko wapi?" Nikamwambia habari za Tendaguru, kule Lindi, palipopatikana mifupa ya dainosari. Wajerumani walichimba kuanzia 1909, wazee wetu ndio walioshika majembe, wakabeba mifupa hadi bandarini kwa miguu.

JUMA: Na dainosari mmoja mrefu wa huko leo amesimama kwenye makumbusho Berlin, Ujerumani. Inaniuma, dada.

ZUHURA: Binti yangu akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama, twende Lindi kwanza." Nauli nimeshaanza kuweka.